Siku Niliyomwacha Kaka Nyuma

Jumapili iliyopita, kwenye uwanja wa shule hapa Sumbawanga, kijana mmoja alitolewa nje akiwa ameshika goti. Mwenzake akampaka dawa ya kuchua, na harufu yake kali ikanirudisha kwetu kijijini.

Nilikuwa bado mtoto alasiri ile nilipokwenda kituoni kumpokea kaka Fidelis. Alikuwa anatoka Mbeya, alikokwenda kujaribiwa na timu kubwa, na sisi nyumbani tulishajiandaa kumsikia redioni. Aliposhuka kwenye basi alinukia dawa ile ile, nami nikadhani ni marashi ya mjini. Kumbe alikuwa ameumia goti mazoezini, na timu ilikuwa imemrudisha.

Kaka alikuwa na hatua ndefu. Siku zote nilimfuata mbiombio. Siku ile tulikwenda sambamba, upepo wa baridi ukituletea harufu ya mabua yanayochomwa. Kisha nikamtangulia.

"Kaka, nakuacha."

"Umekua, Asteria," alisema. "Una miguu mirefu siku hizi."

Nikafurahi mno. Nikawa nakimbia, nasimama kumsubiri, namcheka. Naye alicheka, huku ameegemea uzio wa watu.

Mama alikuwa uani akipepeta ulezi. Nilimfikia wa kwanza.

"Mama, nimemshinda kaka."

Hakunitazama. Alimtazama kaka akija, ungo ukainama mikononi mwake, ulezi wote ukamwagika, na kuku wakaja mbio.

Nikadhani ameshangaa jinsi nilivyokua.