Mpira Ulioangukia Miguuni pa Mama Mkwe

Niseme wazi mapema, mtu asije akanisengenya pembeni baadaye: nilimwonea mwanyumba wangu wivu, na namwonea mpaka leo. Mwanyumba ni mtu mliyeoa naye nyumba moja. Mimi nilioa dada mkubwa, yeye akaja baadaye akaoa mdogo. Kwa hiyo pale ukweni mimi ndiye wa kwanza na yeye anafuata, na nilitaka ibaki hivyo hivyo.

Miaka hiyo ya sitini, uhuru ukiwa bado mbichi, nilikuwa karani wa forodha Busia. Nilivaa tai na kiatu kilichopigwa rangi. Yeye alibeba watu kwa baiskeli, kutoka kizuizi cha upande wetu mpaka kile cha Uganda, akiita "boda, boda" kutwa nzima. Kwenye karia, pale nyuma anapokaa abiria, alikuwa ameweka mto wa sponji uliovikwa kitambaa cha maua, na akina mama wa sokoni wangeacha baiskeli zote zilizopanga foleni wakamngoja yeye. Kwenye madigadi ya nyuma aliandika kwa rangi nyekundu: Mwenye wivu ajinyonge. Watu walidhani ni mapambo. Mimi nilijua ananisema mimi.

Kriketi tulijifunza mahali pamoja. Wahindi wenye maduka walikuwa na timu yao, na Jumamosi mchana walicheza kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba. Wakipungukiwa na watu walituita tusimame uwanjani. Kwa asiyeujua mchezo: mmoja anarusha mpira, mwingine analinda vijiti vitatu kwa gongo. Akiupiga mpira mbali, anakimbia kuvuna pointi. Lakini ukiudaka ule mpira kabla haujagusa chini, amekwisha, anatoka. Mpira wenyewe ni mgumu, wa ngozi nyekundu, ukikupata kidoleni unamtaja mama yako. Mimi nilizisoma sheria zote za mchezo kwenye kitabu. Yeye hakusoma kitu, alidaka tu.

Basi zikaja habari kwamba timu ya taifa kutoka ng'ambo inatembea Afrika Mashariki, na ikiwa njiani kutoka Kisumu kwenda Kampala itacheza na Wahindi wetu mechi moja ya kirafiki. Nchi yao siitaji, wajukuu wao wasije wakanidai fidia. Mji mzima ulihangaika. Uwanja ulifyekwa, mstari wa chokaa ukachorwa kuuzunguka, na mwenye duka la vitambaa, ambaye ndiye aliyekuwa kapteni wa Wahindi, akanunua chai ya kuwanywesha watu wote.

Siku yenyewe basi likafika, mlango ukafunguka. Salaale! Nilitegemea majitu. Walioshuka walikuwa watu wanaochechemea. Mrushaji wao hodari hakutoka kwao kabisa, mke wake alikuwa karibu kujifungua. Mwingine mwajiri alimnyima likizo. Mmoja walimwacha hospitali Nairobi, kidole kimevunjika, na mwingine Kisumu akitetemeka kwa malaria. Waliobaki, nusu walikuwa wakishika matumbo. Na wa mwisho, kijana mrefu mwembamba, alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, umevimba hata kiatu hakiingii. Basi lilikuwa limekwama kwenye tope kabla ya uwanja, na nani alijitokeza kumbeba huyo mgonjwa? Mwanyumba wangu, na mto wake wa maua. Akamkalisha kwenye karia, akampeleka polepole mpaka kivulini kwenye ukuta wa kiwanda, na watu wakapiga makofi kana kwamba amembeba askofu.

Kapteni wa wageni alikuwa mtu mnene wa mabega, pua imebambuka kwa jua letu. Wahindi wote waliojua kucheza walikuwa tayari upande wa wenyeji, hakuna aliyetaka kuikosa siku hiyo. Kwa hiyo akauliza kama kuna mtu mwingine anayeweza kusimama uwanjani badala ya aliyeteguka mguu. Aliuliza kwa Kiingereza, na mimi ndiye niliyetafsiri. Akasema tena: mtu huyo akicheza vizuri leo, tutakwenda naye Kampala kwenye mechi kubwa, kwa sababu kwetu hakuna wa kutuletea mwingine. Atavaa nguo zetu, na sweta yenye nembo itakuwa yake.

Haki ya Mungu, moyo uliniruka. Niliiona sweta ile imekunjwa juu ya begi, nyeupe, mstari wa kijani shingoni. Nikajiona Kampala. Nikajiona nikirudi nayo, nikipita mbele ya kila mtu pale ukweni Matayos. Nikamwambia kapteni, bila aibu, kwamba mtu huyo ni mimi.

"Na huyu mwenye baiskeli je?" mwenye duka la vitambaa akaropoka. "Huyu naye anadaka, boss."

Nani alimuuliza? Kapteni akatusimamisha wawili, akaturushia mpira mmoja mmoja. Nilidaka. Mwenzangu alidaka. Akaturushia tena, tukadaka tena. Kapteni akakuna kichwa, akageuka kumtazama yule mgonjwa aliyekaa ukutani. Kisha akachukua suruali nyeupe ya mgonjwa akaipima kiunoni kwangu. Miguu yake ilinipita ikalala kwenye majani. Akaipima kwa mwanyumba wangu. Ilimkaa kama ameshonewa.

"Huyu," akasema.

Suruali! Siyo sheria, siyo Kiingereza, siyo akili. Kilichoninyima Kampala ni ufupi wa miguu ambayo wazazi wangu walinipa. Mwanyumba wangu akanipigapiga begani, "Pole, ndugu, utanishangilia." Nikatabasamu kwa meno tu. Nilikwenda nikasimama na watazamaji, na mchana kutwa niliomba mpira umpite katikati ya miguu.

Haukumpita. Alikimbia kila upande katika ile suruali, akazuia mipira, akairudisha kwa mkono ulionyooka, na kapteni akawa anampigia kelele za furaha. Wageni ndio waliotangulia kupiga, sasa ilikuwa zamu ya Wahindi wetu kutafuta pointi za kuwapita, na walikuwa wamekaribia. Jua likaanza kuinama. Wapigaji wote wa Wahindi wakatoka, wakabaki wawili wa mwisho. Mambo yakawa hivi: mmoja wao akidakwa, wageni wameshinda na mechi imekwisha. Wakipata pointi chache tu, timu ya taifa imepigwa na wauza sukari wa Busia.

Watu walikuwa wameongezeka. Ilikuwa siku ya soko, na waliomaliza kuuza walikuja kuona zogo ni la nini. Upande wa mbali walivuka ule mstari wa chokaa wakaketi ndani ya uwanja kabisa, na vikapu vyao, na miavuli yao. Hakuna aliyewafukuza.

Basi mwenye duka la vitambaa, ambaye ndiye aliyekuwa na gongo, akaufumua mpira juu, juu sana, ukaelekea upande ule wa vikapu. Mwanyumba wangu akatoka mbio chini yake, macho mbinguni, mikono wazi. Ulikuwa mpira mwepesi. Hata mtoto angeudaka. Kapteni alishaanza kunyanyua mikono. Nami nikasema moyoni, kwaheri Kampala, kwaheri sweta.

Kisha watu mbele yake wakatawanyika kumpisha, wakaacha mtu mmoja ambaye hakuweza kuinuka haraka. Mwanyumba wangu akashusha macho kuona anakanyaga wapi. Akasimama ghafla, visigino vikachimba ardhi. Chini ya mwavuli mweusi, na kikapu chake cha simsim, alikuwa ameketi mama mkwe wetu.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawali chumba kimoja. Ni heshima ya yule aliyekuzalia mke, na kuivunja ni kumvua nguo hadharani. Mama alikuja kuuza simsim, hakujua kwamba yule mtu wa suruali nyeupe ni mkwe wake. Alipomtambua alivuta leso akajifunika uso, akampa mgongo. Na mkwe akampa mgongo yeye. Mpira ukaanguka katikati yao, pu! Ukabingiria mpaka ukaegemea gauni la mama, ukatulia.

Ala! Ukawa mpira wa nani sasa? Yeye hawezi kuufuata. Mama hawezi kuurusha. Akina mama waliokuwa karibu wote walijua, kwa hiyo hakuna aliyegusa kitu. Wahindi wawili walikuwa wanakimbia, wanarudi, wanakimbia tena, mpaka wakaanza kucheka wenyewe. Wageni walikuwa wakipayuka kwa Kiingereza, "Okota! Okota!" Mwanyumba wangu alisimama palepale, kichwa chini, mikono nyuma. Kapteni alipofika mbio na tumbo lake kuuokota, mechi ilikuwa imekwisha. Timu ya taifa ilikuwa imepigwa.

Kapteni alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akaniita nitafsiri.

"Muulize aliogopa nini."

Mwanyumba wangu akasema, "Mwambie ni mama mkwe."

Nilimwambia. Na sikumfupishia, nilimweleza desturi yote tangu mwanzo mpaka mwisho, njia na kichaka na leso. Alinisikiliza, akafuta jasho, akasema, "Hata mimi sipatani na wangu. Lakini mpira ningeudaka." Kisha akaniangalia mimi, juu mpaka chini, akashusha pumzi. "Wewe basi. Tafuta pini."

Mwanyumba wangu alivua ile suruali nyuma ya basi, akaikunja vizuri, akanikabidhi. Nilimtazama usoni nikitafuta uchungu, hata kidogo tu, nifurahi nao. Hakuna. Alisema, "Safari njema, ndugu. Uniletee matoke," akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Kampala nilikwenda. Tulivuka mpaka, tukapita Tororo, nikalala hotelini kwenye shuka nyeupe. Siku ya mechi nilisimama kwenye uwanja mkubwa wenye nyasi zilizokatwa kama zulia, suruali imepigwa pini kila mahali, na mpira haukuja kwangu hata mara moja. Nilipopewa gongo, wa mwisho kabisa, mpira wa kwanza uliangusha vijiti vyangu kabla sijamaliza kuivuta suruali. Tulishindwa vibaya. Lakini sweta nilipewa, na nilirudi Busia nimeivaa kwenye lile joto, jasho likinitiririka mgongoni, na mkungu wa matoke juu ya basi.

Krismasi ilipofika tulialikwa Matayos, wakwe wote wawili na wake zetu. Nilivaa sweta. Tulikaa sebuleni na baba mkwe na wazee wa kanisa, na mama, kama kawaida, hakutokea, alikuwa jikoni. Nilianza kueleza habari za Kampala. Mzee mmoja akanikatiza, "Ngoja kwanza, mwanangu. Huyu mwenzako ndiye yule wa mpira?" Wakamgeukia yeye wote. Wakataka aonyeshe alivyosimama. Akainuka akaonyesha, kichwa chini, mikono nyuma, na wazee wakajipiga mapaja kwa vicheko, mmoja akafuta machozi. Hakuna aliyeuliza nembo ya sweta yangu ni ya nini.

Kuku akaletwa. Sasa, firigisi ya kuku kwetu haiendi kwa mtu ovyo. Ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba akipenda kumheshimu mkwe, huenda kwa mkwe mkubwa. Miaka yote ilikuja kwangu. Nilishanawa mikono. Shemeji yetu mdogo akaingia na kisahani kilichofunikwa, akanipita, akapiga goti mbele ya mwanyumba wangu.

"Mama amesema hii ni ya mkwe wake," akasema.

Baba mkwe hakupinga. Mwanyumba wangu akaniangalia, naye akaona haya, akataka kuikata anigawie. Nikakataa. Nilipewa shingo nikala shingo.

Tuliporudi nyumbani nilivua sweta nikaitupa kitini. Mke wangu alianika sweta yangu kwenye kamba, maana ilikuwa imelowa jasho, akarudi ndani akanikuta bado nimenuna.

"Mpira ule," akaniuliza, "ungekuja kwako ungefanyaje?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira husema kweli.

"Ningeudaka," nikamwambia. "Ningemruka mama yako nikaudaka."

"Ndiyo," akasema, bila kukasirika. "Mama alituambia hivyo hivyo jikoni."

Sweta ililiwa na mende zamani. Mama bado yu hai, na kila Krismasi kisahani kinanipita.