Shujaa wangu aliabudu miungu mitatu, alipokufa akakosa wa kumzika

Wakuu, habari za jioni. Kisa hiki ni changu, sijahadithiwa. Mashahidi wangu wawili wamo humu humu, nikizidisha chumvi watanisema.

Nilisoma sekondari Nachingwea mwishoni mwa miaka ya tisini. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa kapangiwa kwetu kutoka Kilimanjaro. Alipokuwa chuoni, Mzungu mmoja alimwachia mchezo wa ajabu: kitabu na dadu, basi.

Kila mchezaji anakuwa shujaa wa kubuni. Mwalimu ni refa, anasimulia mapango na majoka. Dadu zinaamua nani anapona.

Kila Jumamosi mchana tulikaa barazani kwake watatu: mimi, Hamisi wa Nkowe na Fidea wa Mnero.

Sasa, mchezo ule una dini zake. Fidea alikuwa kuhani wa mungu wa mlima. Hamisi alikuwa kuhani wa mungu wa mto. Shujaa wangu, Chuma, alikuwa askari tu, na kitabu hakikumkataza askari kuwa na mungu zaidi ya mmoja.

Nikajiunga kote.

Mlima ukanipa ngozi ngumu. Mto ukanifunga majeraha. Mungu wa moto, ambaye hakuwa na kuhani kati yetu, akanipa upanga unaowaka.

(Msinihukumu. Nimekulia nyumba ambayo Idi tunapika na Krismasi tunapika, na sijaona sahani ikiuliza dini.)

Chuma akaishi tangu form two mpaka form four. Kisha mwalimu akapata uhamisho. Jumamosi ya mwisho tumefika lango la joka, dadu zikanigeuka. Chuma akafa.

Lakini kulikuwa na sheria: kuhani anaweza kumfufua marehemu, mradi azikwe kwa taratibu za mungu wake kabla jua la mchezoni halijazama.

"Tukusanye mawe ya kaburi," Fidea akasema.

"Mawe ya nini?" Hamisi akadakia. "Huyu ni wa mtoni. Vidonda vyake nimeviosha mimi."

"Kumwosha ndo kawa wako? Na hiyo ngozi kapewa na nani?"

Nikataka kusema jamani, popote tu. Mwalimu akanikata: "Marehemu anyamaze!"

Ikabidi nisikilize msiba wangu. Wakuu, wale walikuwa wanafunzi, lakini walibishana kama wajomba na baba wadogo kabisa. Hamisi akasema mlimani nilikuwa nafuata ngozi tu. Fidea akajibu mtoni nilikuwa nafuata dawa tu. Mara akatokea kuhani wa moto, kwa sauti ya mwalimu, anataka mwili uchomwe.

"Jua limezama," mwalimu akasema, akafunga kitabu. Wiki ile ile akapanda basi. Chuma hajazikwa mpaka leo.

Mimi nimetangatanga sana tangu hapo. Ruangwa nilipanga kwa mzee Muislamu, nikafunga naye Ramadhani. Masasi nikaimba kwaya, sauti ya tatu. Kila nilipofika nilipokelewa vizuri.

Somo nililopata: ukiabudu kote, ukiwa hai unapewa silaha. Ukifa unaacha mjadala.

Juzi malaria ilinilaza, nikawaarifu Hamisi na Fidea kwenye grupu letu. Hata pole sijapewa, wameshaanza: aitwe shehe au katekista?

Nikaandika, "Jamani, mbona mimi bado mzima?"

Fidea akajibu, "Marehemu anyamaze."

Haya wakuu, uwanja ni wenu, changieni. Mimi nasoma kimya kimya.