Ufunguo wa Ghala ya Baruti

Mwaka 1995 kazi ilikuwa imeadimika katika mji wa migodi wa Likasi, hata mtu akipata mshahara majirani walimpongeza kama aliyepata mtoto. Hilaire, mchimbaji wa kujitegemea kwenye mashimo ya madini ya Kamatanda, alisikia kwamba machimbo ya mawe kwenye njia ya Kapolowe yanatafuta mlinzi wa ghala ya baruti. Akavaa koti lake la harusi, akaenda.

Mkuu wa usalama pale alikuwa mzee mpole waliyemwita Papa Eugène. Kabla ya kumpa mtu idhini ya kukaa karibu na baruti alimhoji yeye, kisha watu wa nyumbani kwake.

"Ulishavuta bangi?"

"Minye? Hata siku moya, chef."

Kesho yake Papa Eugène alifika nyumbani. Hilaire hakuwepo. Mkewe Germaine, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, alimkaribisha. Swali likawa lilelile.

Germaine aliuweka mchi chini. Huko Kamatanda mumewe alikuwa akivuta ili asiogope kushuka shimoni, mpaka udongo ulipowafukia wenzake wawili, naye akaacha bangi. Germaine alijua pia jinsi mumewe alivyoitamani kazi ile.

"Alivuta, papa," akasema. "Aliacha, lakini alivuta."

Hilaire akanyimwa kazi.

"Bangi uliacha," Papa Eugène alimwambia. "Kwa hilo ningekungoja kidogo, nione kama utarudia. Lakini ulinidanganya. Siku baruti ikipotea, nitakuuliza weye. Nitaamini jibu gani?"

Hilaire alirudi nyumbani akiwaka. "Umeniuzisha kwa ule mzee, Germaine!"

"Weye ulimuambia nini?"

"Nilimuambia sikuvuta."

"Basi ulijiuzisha weye mwenyewe."

Jioni alibeba sahani yake ya bukari, ugali wa kwao, akala nje peke yake. Wiki ile yote Hilaire alilala amempa mkewe mgongo, ingawa moyoni alijua nani aliyekosa.

Kisha Papa Eugène akaja tena. Safari hii alimtaka Germaine.

"Muntu wa kusema kweli hata ikimuuma, njo yeye ninamutafuta, mama. Ufunguo wa ghala nitakupa weye. Ila idhini yako inategemea na nyumba yako. Bwana yako akirudia bangi, ninauchukua."

Wote wawili wakamgeukia Hilaire, aliyesimama mlangoni. Aibu ilimpanda, halafu, bila kutazamia, kicheko.

"Sitarudia," akasema. "Na ukikuja kuniuliza, nitakuambia kweli."

Germaine akaanza kazi. Kila asubuhi Hilaire alimpeleka kwa baiskeli mpaka kwenye machimbo, kisha akarudi kulima mahindi nyuma ya nyumba. Wachimbaji wenzake wa zamani walimcheka: siku hizi amekuwa dereva wa bibi yake!

"Minye iko na bibi wa mushahara," aliwajibu. "Weye iko na nini?"

Jumapili moja, baada ya ibada, Papa Eugène alipita kuwasalimu. Akauliza swali lake la bangi, kama kawaida yake. Hilaire akakuna kichwa.

"Juzi Floribert wa Kamatanda alinipatia bangi moya. Niliishika, papa. Niliinusa hata. Kisha nikamurudishia."

Jikoni mwiko wa Germaine ukasimama. Mzee aliitikia kwa kichwa, hakuutaja ufunguo, akaanza kuzungumza habari za mvua iliyochelewa.

"Mama," Hilaire akamwita mkewe, sauti yake nyepesi, "ongeza sahani. Papa atakula kwetu."