Ufunguo na Msalaba

Jirani yetu wa ghorofa ya juu kabisa hushuka ngazi na singlendi hata theluji ikianguka, mikono yake minene myekundu kama mkate uliotoka tanurini. Shingoni, kwenye uzi mmoja na msalaba wa ubatizo, amening'iniza ufunguo mdogo wa koki ya kutolea hewa. Hewa inayonasa kwenye mabomba ya maji moto yanayopasha vyumba joto hupanda yote kwake. Asipoifungulia itoke, maji moto hayapiti, na sisi wa chini tunaganda. Yeye ana hita yake ya umeme. Ukimgongea, hutoa pua tu mlangoni. “Baridi ni afya, dada Lida. Zidisha sala, utapata moto!” Akicheka, ufunguo hugonga msalaba. Msimu huu nilimwambia mama amebanwa na kifua, hapumui vizuri. “Kesho, dada, kesho.” Alisema kesho mpaka tukamzika mama na soksi mbili mbili miguuni.

Alikuja kwenye chakula cha matanga. Akajichotea ngano ya asali inayoliwa kumkumbuka marehemu, akaketi dirishani, akajikunyata. “He! Mbona kwenu baridi hivi? Wageni wataumwa!” Akapanda juu mbio, na kabla chai haijapoa mabomba yakanguruma, yakapata moto. Akarudi akijifuta mikono, akaketi tena dirishani. “Mmeona? Kazi ndogo tu hii.” Watu wakamshukuru. Nilimwomba Mungu anipe neno la msamaha, lakini lililonijia lilikuwa lake yeye mwenye ufunguo.

“Baridi ni afya, jirani,” nikamwambia, nikafungua dirisha nyuma ya mgongo wake.