Gumba la Fundi wa Mizinga

Tarehe 19 Agosti 1940, sajenti fundi silaha wa kikosi chetu huku Cambridgeshire alitia saini ya kupokea mizinga ya kwanza ya kufungwa kwenye mabawa ya ndege zetu za kivita. Tangu siku hiyo kila risasi ya mzinga, nene kama mpini wa jembe, hupita mkononi mwake. Huifuta kwa kitambaa, kisha huipapasa kwa gumba, macho ameyafumba. Sitini kwa kila mzinga. Ukimsemesha, huanza upya.

Juzi mchana rubani Penhallow alitua akifoka. "Sajenti, mizinga yako imekohoa mara moja ikanyamaza! Nipe manati basi."

"Manati ina mpira, afande. Ungerudi kulalamika umekatika."

Mkono wa fundi ulikuwa tayari ndani ya bawa la kulia. Alitoa ganda tupu lililopondeka. Mzinga ulikuwa umelazwa ubavu ili uenee katika bawa jembamba, na maganda yaligonga ukingo wa tundu la kutokea yakarudi ndani. Alipapasa ukingo huo kwa gumba, akaomba tupa, akakwangua chuma kiasi cha unene wa ukucha. Tulipoujaribu kwenye tuta la mchanga, risasi zote sitini zilitoka, na ardhi ikatetemeka chini ya miguu yetu. Penhallow alivua kofia.

"Na bawa la kushoto?"

"Dakika ishirini."

King'ora kililia baada ya dakika nane.

"Mzinga mmoja ukifyatua peke yake utakuvuta kulia, afande. Kanyaga pedali ya kushoto."

Penhallow akapaa na mzinga mmoja.