Tangu Mazishi, Alimwita "Wewe"

Mutanu, jirani yangu hapa Kasikeu, ni mbishi. Ukimwambia mvua haitanyesha, atapanda ili akukomoe tu. Kwa hiyo mama yake alipofariki naye akawa analala mchana kutwa, mbaazi zikipukutika shambani, nilijua hiyo si tabia yake. Watu wa kanisa walimwambia aombe zaidi. Wengine walisema ni uvivu, na hao nilitamani kuwachapa mwiko.

Lililonichoma zaidi ni mtoto. Binti yake alipewa jina la nyanya yake (susu, kwa Kikamba), Ndila, kama desturi yetu ilivyo, na Mutanu alizoea kumtania akimwita "mwaitu", yaani mama yangu. Tangu mazishi, hakuweza kutamka "Ndila" wala "mwaitu". Alimwita "wewe". Mtoto akawa anashinda kwangu, akiniuliza amekosa nini.

Nilimkokota Mutanu hadi kwa Kanyiva, mhudumu wa afya wa kijiji, anayekutana na kina mama kila Alhamisi katika darasa la chekechea. Kanyiva hakuzunguka mbuyu.

"Huu ni ugonjwa, si uvivu, na unatibika. Ulianza wakati gani?"

"Mama alipokufa."

"Basi tuambie mama alikuwa aje. Yote, hata mabaya."

Kwetu marehemu hasemwi vibaya. Mutanu alinyamaza wiki baada ya wiki, lakini alikuja, nywele hazijachanwa, mdomo umefura. Siku moja akasema, "Alikuwa na kelele huyo! Hata kuku walimwogopa." Tukacheka, naye akacheka, kisha akalia kwa sauti. Tulimwacha alie.

Baadaye Kanyiva aliniketisha kwenye kiti kidogo cha chekechea, mimi na magoti yangu mabovu, nijifanye Ndila. "Mwite," akasema. Mutanu alijaribu, akashindwa.

"Tena," alijiamuru mwenyewe. Alirudia mpaka jina likatoka.

Jioni hiyo tulikuwa uani kwake tukipepeta mbaazi. Mtoto alipotokea, Mutanu alisimama.

"Ndila!"

Mtoto aliganda. "Unaita mimi ama susu?"

Mutanu hakuketi. "Naita wewe. Susu alienda, na bado namlilia. Hujakosa kitu. Kuja hapa, mwaitu."

Ndila alikuja polepole, akamtazama mama yake akipepeta kwa mikono iliyosahau kazi. Kisha akafoka, "Si unamwaga!"

Ilikuwa sauti ya marehemu, kelele zote. Mutanu alicheka mpaka ungo ukamponyoka.