Bango la hatari nililoliandika kwa mwandiko wa harusi

Wakuu, salaam kwenu. Hili limenikuta mwenyewe hapa Geita, siongezi chumvi. Anayetaka kucheka acheke, nimeshazoea.

Nina kiofisi cha kutengeneza mabango na kadi. Mwaka jana nikapata fonti moja ya mwandiko wa mkono, wakuu, acheni tu. Herufi zimeshikana, mikia inajiviringa kama nywele zilizotoka kwenye rola. H yake ukiiona unaweza kuipelekea posa.

Nikawa naipachika kila mahali. Kadi, keki, saluni. Watu wanasifia, kichwa kinavimba.

Siku moja akaja Mama Kulwa, ana duara lake la kuchimbia dhahabu njia ya Nkome. Jirani na duara kuna mashimo ya zamani yameachwa wazi, akawa ameagizwa aweke bango. Maneno matatu tu: Hatari, mashimo, usipite.

Nadhani mmeshajua nilichofanya.

Nilipompelekea, aliliangalia huku kainamisha kichwa upande.

"Limependeza, baba. Lakini linasomeka?"

"Mama Kulwa, hii ndiyo kazi ya kisasa." Nilimjibu hivyohivyo, tena kwa kujiamini.

Wachimbaji wakapiga nalo picha. Na mimi nikaweka status.

Wiki haijaisha, mchana kweupe, Mama Kulwa anapiga simu.

"Njoo hospitali. Kuna mtu kasoma bango lako."

Nikamkuta Mzee Ngassa kutoka Didia, mguu umevunjika, umefungwa plasta ngumu ya P.O.P. Alikuja kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yake, akapotea njia, akaona bango. Kwenye ile mikia yangu yote akaambulia neno moja: Harusi. Akamshukuru Mungu, akapita, akatumbukia.

Bahati lilikuwa shimo fupi lenye tope, wachimbaji wakamvuta kwa kamba. Hatua nne mbele lipo lile ambalo ukitupa jiwe husikii likitua.

Nikasogea karibu na kitanda.

"Shikamoo mzee. Bango nililiandika mimi."

"Marahaba. Kumbe ni wewe?" Akanitazama sana. Nikajiandaa kutukanwa. "Mwandiko mzuri mno, mwanangu. Nikasema hii harusi ni ya watu wenye uwezo."

Binti yake aliyekaa pembeni ya kitanda hakucheka. Wala hakunijibu salamu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, machozi yananilenga, mtu mzima mimi.

Kesho yake nikaling'oa mwenyewe. Jipya nililipaka kwa brashi, herufi kubwa nyeusi juu ya njano, baya hilo! Hakuna aliyelipiga picha. Hakuna aliyetumbukia pia.

Mzee anatembea sasa, kwa fimbo.

Nilichojifunza: kabla hujauliza watu kama kazi yako imependeza, mtafute mzee asiye na miwani umuulize imeandikwa nini.

Nyie wenzangu wa mabango, mmeshawahi kumvunja mtu mguu kwa uzuri? Semeni hapo chini, nisijione niko peke yangu.